Maswali na Majibu: Johnnie Msituni

Barua zilizoletwa na makala ya Mau Mau, vita vya kupinga ukoloni Kenya miaka ya 1950, ni nyingi kuliko nafasi niliyopewa. Zile zinazoanza na "Mzungu alitufanyia" bila kusema Mzungu yupi nimeziweka kando. Mlowezi, polisi, bwana DC, askari jela na kuruta wa jeshi la Uingereza (ndiye Johnnie wetu) hawakuwa mtu mmoja, na anayewachanganya huwasaidia wenye hatia kujificha.

Wale wanajeshi walioletwa kutoka Uingereza walijitolea kuja kutuua? (Msomaji, Nakuru)

Wengi wao hawakujitolea. Uingereza ya wakati ule karibu kila kijana wa kiume mzima wa mwili aliyefika miaka 18 aliitwa jeshini kwa sheria, na tangu 1950 alitumikia miaka miwili. Mshahara wa kuanzia ulikuwa shilingi 28 kwa wiki, nao ulikatwa huku na huku. Kikosi cha kwanza, Lancashire Fusiliers, kilisafirishwa kwa ndege kutoka kambi za Mfereji wa Suez kikashuka Nairobi wakati hali ya hatari inatangazwa, Oktoba 20, 1952. Waliofuata, baadhi walikuja kwa meli hadi Mombasa, kisha treni ya kupanda bara. Ndani ya mabehewa yale mlikuwa na fundi bomba, karani, mtoto wa mchimba makaa, watu ambao mwaka uliotangulia pengine hawakujua Kenya iko pande gani za dunia.

Kuitwa kwa lazima hakumsafishi mtu kwa aliyoyafanya baadaye. Nalitaja mapema kwa sababu najua barua zitakazofuata.

Msituni walikula nini, na walilala wapi? (Mwalimu, Nyeri)

Swali zuri, la kwanza la aina yake kunifikia.

Doria ilikaa kwenye misitu ya milima ya Nyandarua siku kadhaa. Chakula kilikuwa cha makopo: nyama, maharagwe, biskuti ngumu, jamu, na chai, maana Mwingereza bila chai hapigani. Kule juu kwenye mianzi, karibu mita 3,000, usiku ni baridi ya kuganda vidole na mvua haiishi, nguo huloa Jumatatu na kukaushwa na joto la mwili ikifika Alhamisi. Walilala chini ya turubai dogo. Wakiwa wamevizia, moto ulikuwa marufuku, kwa hiyo hata ile chai ilikosekana, na kopo lililiwa na baridi yake.

Adui wa kila siku alikuwa msitu wenyewe: kifaru anayetokea kwenye kichaka bila salamu, nyati, upupu, siafu wanaoingia kwenye suruali gizani huku sajini amekataza mtu kupiga kelele. Wapiganaji wa msituni walikuwa wameishi humo hata pua zao zikabadilika. Sabuni na sigara ya Johnnie waliinusa kabla hajaonekana. Ilichukua muda kabla wakubwa hawajakubali kwamba kijana aliyeoga na kunyoa vizuri ni kengele inayotembea.

Na nyinyi mnaopanda huko wikendi na raba za mjini bila askari wa wanyamapori, nyati wa leo ni wajukuu wa wale wale.

Ni kweli walilipwa kwa kila maiti? (Msomaji, Murang'a)

Jibu linahitaji majina. Kapteni Gerald Griffiths, Mwingereza aliyekuwa afisa wa KAR (King's African Rifles, jeshi la kikoloni la askari Waafrika), alishtakiwa kwa mauaji mbele ya mahakama ya kijeshi mwaka 1953 akaachiliwa, lakini ushahidi ulitoboa kwamba askari walikuwa wakipewa shilingi tano kwa kila waliyemuua. London ikachafuka. Jenerali Erskine, mkuu wa majeshi ya Kiingereza Afrika Mashariki, akaunda tume chini ya Jenerali McLean, iliyokaa faragha mwezi Desemba, nayo ikasikia habari za vikosi kuwekeana mbao za hesabu, nani kaua wangapi, kama ligi ya mpira. Mwaka 1954 Griffiths alirudishwa mahakamani kwa kutesa mateka, na mara hii akafungwa.

Na mikono? Ndiyo, ilikatwa. Kubeba maiti kuishusha mlimani kwa siku mbili kulikuwa kazi, kwa hiyo baadhi ya doria zilikata viganja vya mfu na kuvipeleka kituoni vichukuliwe alama za vidole, hadi Erskine alipopiga marufuku. Jaribu kumwaza kijana wa miaka 19 na mzigo huo mkobani, kando ya biskuti zake. Halafu mwaze mama wa yule marehemu.

Lakini kambi ya wafungwa ya Hola, 1959, wafungwa 11 waliopigwa hadi kufa? Hao waliuawa na askari jela chini ya idara ya magereza. Anayewatupia Fusiliers kesi ya Hola anawaondolea mzigo wanaostahili kuubeba.

Mwanajeshi gani wa Kiingereza alimkamata Kimathi? (wasomaji saba!)

Hakuna. Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa msituni, alipigwa risasi na kukamatwa na Ndirangu Mau, polisi wa kikabila, Oktoba 21, 1956. Nimeshaandika. Nitaandika tena mwakani, najua.

Babu alikuwa KAR kutoka Tanganyika. Naye tumwite Johnnie? (Msomaji, Songea)

Muite babu. Vikosi vya KAR kutoka Uganda na Tanganyika vilipigana humo humo msituni, Idi Amin akiwemo katika 4 KAR, kwa mshahara mdogo kuliko wa yule kuruta mweupe aliyelia siafu. Kama mzee yu hai, mkae naye mrekodi leo. Mkisubiri msiba mtabaki na medali msiyojua ilitoka wapi.

Walowezi waliwapenda askari wao? (Msomaji, Gilgil)

Afisa alikaribishwa klabuni. Kuruta alinunua bia yake kantini ya kambi. Baadhi ya familia za mashambani ziliwaalika vijana chakula cha Jumapili, nyingi hazikutaka viatu vile kwenye zulia.

Bibi aliteswa 1954. Nijiandikishe wapi kupata fidia? (Msomaji, Kirinyaga)

Pole sana kwa bibi. Makubaliano ya Juni 2013 na serikali ya Uingereza, pauni milioni 19.9, yaliwahusu walalamikaji 5,228 waliokuwa kwenye kesi ile. Kesi kubwa iliyofuata, ya watu zaidi ya 40,000, ilitupwa na mahakama ya London mwaka 2018. Anayepita vijijini sasa akikusanya "ada ya usajili" kwa wazee ni mwizi. Usimpe hata mia, na mpeleke kwa chifu akiwa bado na kitabu chake cha risiti mkononi.