Chama Kisichukue Nafasi ya Nchi

Miaka kadhaa iliyopita nilisambaza katika kundi letu la WhatsApp picha ya daraja lililosombwa na mafuriko, nikaisindikiza kwa maneno makali dhidi ya chama kilichokuwa madarakani, huku moyoni nikifurahi kwamba sasa wamepatikana. Saa chache baadaye binamu yangu alinipigia simu akiwa ng'ambo ya mto huohuo na mama yake mgonjwa, akiuliza kama namfahamu mtu yeyote mwenye mtumbwi. Tangu siku hiyo naiogopa furaha ya namna ile, kwa kuwa anayeshangilia hasara ya nchi yake ili wapinzani wake waaibike amekwisha kuuhamishia uraia wake chamani.

Maradhi haya hayachagui taifa. Baada ya uchaguzi wa Marekani wa Novemba 2016, wafuasi wa Republican walianza kuona kwamba uchumi unaelekea pazuri na wale wa Democratic wakaona unaharibika, ilhali rais mpya, Donald Trump wa Republican, alikuwa bado hajaapishwa. Nchi ikifika hapo hushindwa kujipima, kwa sababu hata takwimu sahihi huaminiwa na upande mmoja tu.

Ghana ilipata mtihani mgumu zaidi mwaka 2008, pale duru ya pili ya uchaguzi ilipompa John Atta Mills ushindi wa tofauti ya kura zisizofika 41,000 kati ya takriban milioni 9 zilizopigwa. Nana Akufo-Addo, mgombea wa chama kilichokuwa kikitawala, alikubali kushindwa, na Januari 2009 madaraka yakakabidhiwa. Naye alikuja kuchaguliwa rais mwaka 2016. Heshima iliyopatikana siku zile ni ya Waghana wote, waliompigia na wasiompigia.

Kwa hiyo nakushauri, kabla hujasambaza habari inayokukasirisha, weka jina la chama chako mahali pa kile kinacholaumiwa uone kama hasira itabaki. Kisha, na hili ndilo zito, yasifu mazuri ya wapinzani mbele ya wenzako wa chama. Daraja lile lilipojengwa upya na serikali ileile, nilituma picha yake katika kundi lilelile nikaandika kwamba limejengwa vizuri. Wawili walijitoa, mmoja akaniita msaliti. Binamu yangu aliuliza tu kama magari yameanza kupita.