WebTV ya 1996: usiichomeke kwenye hiyo konveta!

Mkuu, chomoa kwanza ndipo usome. Umeandika kwamba umeletewa boksi la WebTV (la kuingilia intaneti kupitia TV) kutoka Marekani, lile la Sony la 1996, na dukani wamekuuzia "konveta ya wati 1600" ya kushushia umeme. Unauliza kama itafaa, picha itatokaje kwenye TV ya huku, na intaneti utaipataje. Mengine yasubiri. Hiyo konveta ndiyo itakayokuliza.

Wati 1600 halafu inaingia mfuko wa shati? Transfoma halisi, hata ya wati 100 tu, ni chuma na shaba, ukiishika mkono unasikia. Hicho ulichopewa ni cha pasi na mashine ya kukaushia nywele. Hakishushi umeme, kinaukatakata: katika kila nusu ya wimbi kinaachia kipande cha mwisho tu. Pasi haijali, yenyewe inataka joto. Ila pawasaplai, sehemu inayolisha boksi umeme, hugeuza AC (umeme wa ukutani, unaokwenda kwa mawimbi) kuwa DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri) na kujaza kapasita, kikopo cha kutunza chaji, hadi kwenye kilele cha wimbi. Umeme wa Marekani ni volti 120, kilele chake kama 170, kwa hiyo pawasaplai za soko la kule kwa kawaida huwekewa kapasita ya volti 200. Hiyo "volti 110" inayotoka kwenye konveta ina kilele cha karibu volti 300! Kapasita inavimba, transista inapiga shoti, na fyuzi inakatika mwishoni kabisa, kama mlinzi anayepuliza filimbi wezi wakiwa wameshafika kwao.

Na usiniambie umepima kwa mita. Mita ya bei rahisi inakadiria kwa wastani, vilele haivioni. Muuzaji wangu naye alinipimia mbele ya macho yangu: "Si unaona mwenyewe, bosi?" Niliona. Kisha nikaona moshi. Tapeli yule hajui tofauti ya pasi na kompyuta, lakini risiti anaandika "haina kurudisha" kwa mwandiko mzuri sana. Boksi langu sasa linazuia mlango usipigwe na upepo, na hiyo kazi linaiweza.

Geuza boksi usome kibandiko. Kama lina adapta ya nje, angalia palipoandikwa OUTPUT. Ikiwa ni DC, achana na habari za kushusha umeme: tafuta adapta ya INPUT 100–240V, 50/60Hz, yenye volti zilezile za kutoa, ampea zilezile au zaidi, na chanya na hasi upande uleule. Ikiwa OUTPUT ni AC, usiibadilishe na ya DC. Tumia adapta yake, ukiichomeka kwenye transfoma halisi ya kushusha umeme. Hapo tena, kama imeandikwa 60Hz pekee, umeme wetu wa 50Hz utaichemsha zaidi, kwa hiyo iguse baada ya nusu saa. Waya ukiingia moja kwa moja kwenye boksi, nunua transfoma ya kweli, wati mara mbili ya zilizo kwenye kibandiko. Na kile kiplagi cha kubadili pini bapa hakipunguzi hata volti moja, nimechoka kukisema.

Picha ni NTSC, mfumo wa TV za Marekani. TV bapa nyingi zinaipokea kwenye tundu la njano. Chogo la PAL tupu (mfumo wa TV za huku, lisilojua NTSC) litakupa picha isiyo na rangi, au inayokimbia.

Intaneti: huduma yenyewe, iliyokuja kuitwa MSN TV, ilizimwa 30 Septemba 2013. Boksi lina RAM ya MB 2 na modemu ya simu ya kilobiti 33.6, kurasa zilikuwa zinapunguzwa na seva za kampuni kabla ya kulifikia. Leo unahitaji seva mbadala za wapenzi wa vifaa hivi, pamoja na Raspberry Pi (kompyuta ndogo sana) na modemu ya USB vinavyojifanya laini ya simu. Watu hununua hivyo vyote kwanza, wanapanga mezani vizuri, halafu wanachomeka boksi kwenye uchafu kama huo wako.

Weka hiyo konveta kwenye mzani wa jikoni leo, ulete namba hapa. Kitu cha wati 1600 kisichofika hata kilo moja kirudishe dukani, na wakitoa mita, wewe toa mzani.