Panga Mapema Namna Utakavyosema Hapana

Kila mtu anajihesabu miongoni mwa wenye msimamo. Ndiyo maana wengi huingia kikaoni mikono mitupu, wakiamini kwamba likija la kuja watasimama. Majaribio ya zaidi ya miaka sabini yanaonyesha vingine: watu wa kawaida, wenye akili timamu, hufuata mkumbo au amri kutegemea mambo madogo ya mpangilio, kama nani kaanza kusema, nani kasimama karibu na nani mwingine kasita. Uzuri ni kwamba mambo hayo yanaweza kupangwa kabla.

Tuanze na kundi. Miaka ya 1950 nchini Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaonyesha watu mstari mmoja, akawataka wataje ni upi kati ya mistari mitatu unalingana nao kwa urefu. Ni swali jepesi. Mtu akijibu peke yake hakosei karibu kamwe. Ila wenzake wote mezani walikuwa wamepangwa kutoa kwa pamoja jibu lisilo sahihi. Takriban asilimia 37 ya majibu yalifuata kosa la kundi, na watu watatu kati ya wanne walilifuata angalau mara moja. Kundi lenyewe halikuhitaji kuwa kubwa. Walipokuwa wawili dhidi ya mmoja, makosa yalikuwa asilimia 13.6, walipofika watatu, karibu asilimia 32, kuongeza watu zaidi ya hapo hakukubadilisha sana. Kikao cha watu wanne kinatosha kabisa kukubana.

Asch aligundua pia kinachosaidia: mwenza mmoja tu. Akiwepo mtu mmoja mwingine anayejibu sawasawa, kufuata kundi kulishuka hadi kama robo ya awali. Kwa hiyo kama kuna jambo linakutia shaka, tafuta mtu mmoja siku moja kabla ya kikao. Usimwombe akuunge mkono. Mwombe aseme kwa sauti anachokiona yeye, hata kama hakilingani na chako, kwa sababu kuvunjika kwa umoja wa wengi kunasaidia hata mwenza akiwa na jibu lake la tatu. Kisha mkubaliane kwamba hakuna atakayegeuka kabla ya uamuzi kupita. Katika majaribio yaleyale, mwenza alipohamia upande wa wengi katikati ya safari, makosa yalirudi karibu palepale.

Kama wewe ndiye mwenyekiti, dawa yako ni karatasi. Watu waliporuhusiwa kuandika jibu badala ya kulitamka, kufuata kundi kulipungua kwa takriban theluthi mbili. Gawa vikaratasi, toa dakika mbili za kimya, kila mtu aandike jibu na sababu moja. Kusanya kabla yeyote hajafungua mdomo, soma bila majina, na mwenye cheo azungumze mwisho. Wanaoharibu utaratibu huu huuharibu kwa njia moja: mwenyekiti anasema "nadhani sote tunakubaliana," ndipo anagawa karatasi. Hapo zimeshapoteza maana.

Amri ya mkubwa inataka maandalizi mengine. Stanley Milgram, katika Chuo Kikuu cha Yale kuanzia 1961, aliwaambia watu wampige shoti "mwanafunzi" kila anapokosea jibu. Shoti haikuwa ya kweli na mwanafunzi alikuwa anaigiza, lakini wao hawakujua. Swichi zilikuwa 30, kila moja ikiongeza volti 15, hadi 450. Katika jaribio lake linalojulikana zaidi, watu 26 kati ya 40 walifika mwisho.

Angalia hizo volti 15. Aliyekwisha kubonyeza 300 hana maelezo kwa nini 315 iwe dhambi. Kila hatua inafanana na iliyotangulia, na ndipo mtu anaponaswa. Waliokataa walikataa zaidi kwenye volti 150, pale mwanafunzi alipoomba kwa mara ya kwanza atolewe. Baada ya hapo kujinasua kulizidi kuwa kugumu. Basi andika mpaka wako kabla kazi haijaanza, na uwe kitu cha kuonekana kwa macho: "nikitakiwa kusaini mzigo ambao sijauona, naacha." Mpaka wa aina ya "mambo yakizidi" haufai kitu, kwa kuwa hayazidi kwa ghafla.

Pili, ondoka chumbani. Mtoa amri alipotumia simu badala ya kusimama pale, watiifu walishuka hadi kama mmoja kati ya watano. Sema: "Nipe nusu saa nilipitie," au "Naomba maagizo hayo kwa maandishi." Tumia muda huo kumwuliza mwenzako. Mwaka 1966, wauguzi 21 kati ya 22 walikuwa tayari kutoa miligramu 20 za dawa wasiyoifahamu kwa amri ya daktari wa kwenye simu, ilhali lebo iliandika kikomo ni miligramu 10. Walizuiwa kabla ya kuitoa. Jaribio liliporudiwa mwaka 1977 kwa dawa wanayoijua na wakiwa na nafasi ya kushauriana, waliokuwa tayari walikuwa 2 kati ya 18.

Halafu kuna maneno yenyewe. Tarehe 27 Machi 1977, ndege mbili zilipogongana uwanjani Tenerife, kisiwa cha Hispania, na kuua watu 583, fundi mitambo wa mojawapo alikuwa ameuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani. Rubani mkuu akajibu kwamba ndiyo, imetoka. Suala likaishia hapo. Leo marubani hufundishwa kupanda ngazi nne. Kwa fundi wa mtambo, kwa mfano, zingesikika hivi:

"Mkuu, kipimo hiki kimehakikiwa?"
"Mkuu, nina wasiwasi, kinasoma juu ya kikomo."
"Mkuu, tusiwashe mpaka kihakikiwe."
"Simama. Nazima."

Ukijibiwa bila ushahidi, panda ngazi inayofuata hapohapo. Wengi hubaki kwenye ngazi ya kwanza, na swali humpa mkubwa nafasi ya kusema ndiyo tu. Heshima weka kwenye jina la cheo na sauti tulivu. Ondoa "samahani, labda nimekosea," maana hapo umeshamjibia.

Na wewe uliye mkubwa: siku mtu atakaposimamisha kazi kisha ikaonekana hakukuwa na tatizo, mshukuru mbele ya wale wale waliomwona akisimamisha, kabla kazi haijaendelea.