Kujitolea au Kutumikishwa?

SWALI: Nina diploma ya uhasibu na mwaka mzima natafuta kazi. Zahanati moja hapa Nyalenda inataka nijitolee upande wa rekodi. Mama anasema huko ni kutumikishwa bure. Nitafaidika na nini?
Kijana, Kisumu

JIBU: Mama ana hoja. Wapo wanaolitumia neno kujitolea ili wasilipe mshahara. Jiulize: usipofika, kazi ya zahanati itasimama? Ikisimama, basi unajaza nafasi ya karani, na karani hulipwa.

Ikiwa sivyo, nenda, ila omba barua kwanza. Itaje kazi zako, siku, saa, msimamizi na tarehe ya kumaliza. Siku 2 kwa wiki, saa 4 kila siku, kwa wiki 12, ni saa 96. Hapo utakuwa umejifunza, na bado una siku 3 za kusaka ajira. Wengi huahidi siku zote 5. Wiki ya tatu nauli inakata, wanapotea bila kuaga, na sifa waliyoifuata inageuka doa. Nauli ikiwa shilingi 50 kwenda na 50 kurudi, hizo wiki 12 zitakugharimu 2,400. Uliza mapema kama itarudishwa. Anayekudai ada ya usajili, mwage tu.

Weka daftari: tarehe, saa, kazi uliyofanya na idadi yake. Msimamizi atie sahihi kila mwisho wa wiki. Kwenye wasifu, "nilijitolea zahanati" haimwambii mwajiri kitu. "Nilioanisha risiti na kitabu cha mapato kwa wiki 12" inamwambia. Majina na magonjwa ya wagonjwa yasiingie daftarini humo, wala kwenye simu yako. Barua ya mapendekezo iombe kabla hujaondoka, maana wasimamizi huhamishwa.

Na mtaa nao hupata. Wahudumu wengi wa afya ya jamii walizunguka nyumba kwa nyumba miaka mingi kabla ya mpango wa taifa wa 2023 uliowapangia posho ya shilingi 5,000 kwa mwezi. Mtu anayejulikana mlangoni ndiye mama mwenye mtoto anayeharisha atamsikiliza akimfundisha kuchanganya maji ya sukari na chumvi ya kumnywesha mtoto: lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari, nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko viwe bapa. Chumvi ikizidi humdhuru mtoto, kwa hiyo lazima aonyeshwe kwa mkono. Bango halitoshi.

SWALI: Nimestaafu ualimu na nyumba imekuwa kimya. Nianzie wapi?
Mwalimu, Nakuru

JIBU: Mwalimu, shikamoo. Chagua kitu cha siku ileile na watu walewale kila wiki; upweke huondolewa na mazoea, na mikutano ya mara moja haisaidii sana. Zungumza na mwalimu mkuu wa shule ya karibu uwasomeshe watoto 5 wanaokwama kusoma, dakika 40, Jumatano alasiri. Wakizidi 5, wasioweza hujificha nyuma ya wanaoweza, wewe unalijua hilo kuliko sisi. Huenda shule ikakutaka cheti cha mwenendo mwema, usione umedharauliwa. Kaeni mahali pa wazi panapoonekana. Na siku ukiwa na safari, waambie watoto wenyewe wiki moja kabla, kwa sababu watakungoja.