Zuwena ni ya Dar International, si Safari Trippers

Ndugu, aliyeuliza kama Marijani Rajab, mwanamuziki wa dansi wa Tanzania, aliimba wimbo "Zuwena" akiwa bendi ya Safari Trippers, jibu ni hapana. Hiyo ni ya bendi yake nyingine, Dar International, kama ilivyo "Mwanameka". Za Safari Trippers, miaka ya 1970 mwanzoni, ni kama "Georgina" na "Rosa Nenda Shule". Mkanganyiko unatokana na kanda za kunakili: muuzaji aliandika "Marijani" juu, jina la bendi akaliacha, na makosa hayo yakahamia mtandaoni.

Nyimbo nyingi za enzi ile zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam, bendi nzima ikipiga kwa pamoja. Kinachosambaa leo mara nyingi ni nakala ya nakala, na mwendo wa kanda umepotoka. Chukua gitaa lililotyuniwa vizuri ulinganishe: wimbo ukiangukia katikati ya noti mbili, huenda kanda ilikimbia au ilizubaa. Rekebisha mwendo wenyewe, ili sauti na kasi vishuke au vipande pamoja. Ukigusa kimo cha sauti peke yake, Marijani, yaani "Jabali la Muziki", anasikika kama mtu mwingine kabisa, na ile sauti nzito iliyotulia ndiyo roho ya kazi yake.

Alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1955, akafariki 1995. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ilipitishwa 1999, miaka minne baadaye, huku kanda zake zikiwa zimeshanakiliwa na kuuzwa kila kona. Inauma sana. Kwa hiyo ukipandisha wimbo wake mtandaoni, andika jina lake na la bendi, tafadhali.