Barua kwa mwanangu: nihame au nibaki?

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Ule ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza tena na tena, na baba yako nimempa naye asikie, ingawa ulinikataza. Hili si la kumficha.

Unaniuliza: nihame au nibaki? Wamekuvunjia mlango wa nyuma ukiwa kazini, wamechukua kompyuta, pasi ya kusafiria na bangili ya bibi yako. Sasa kila jioni, kabla ya kuingia, unasimama mlangoni kwanza usikilize. Mkataba haujaisha, na kupata nyumba nyingine hapo Leicester ni kazi. Nimekuelewa, mama. Lakini kabla ya kuhama au kubaki mimi nataka kujua jambo jingine: mtaa huo unamjua nani? Nani angeshtuka kumwona mtu akitoka uani kwako na mfuko umejaa?

Nasema siku zote, na kaka zako wananicheka: uliza jirani kwanza, nyumba baadaye. Mwenye nyumba atakutajia bei, dalali atakusifia vyumba. Usiku wa pale ukoje, atakwambia jirani.

Ile nyumba ya Magomeni unaijua kwa kusimuliwa, ila hujasimuliwa yote. Ilikuwa 1983, mwaka wa msako wa wahujumu uchumi. Kwenye duka la serikali, RTC, ulipanga foleni tangu alfajiri, ukirudi na mche wa sabuni umeshukuru. Tulikwenda Tanga kwenye arusi ya mjomba wako, na tuliporudi tukakuta kitasa kimeng'olewa, chumba kitupu hadi mapazia. Cherehani ya mkono aliyoninunulia babu yako, redio, mashuka, doti zangu zote za khanga. Nyumba ya vyumba sita, ukumbi mmoja, watu wamejaa, na hakuna aliyesikia kitu! Mwenye nyumba hakuja kutupa pole, alikuja kutuambia kitasa kipya tununue wenyewe. Mjumbe wa nyumba kumi akaandika, polisi wakatupa RB, namba ya taarifa yetu kwenye kitabu chao, basi. Kama wewe ulivyopewa namba yako kwa simu ukaambiwa usubiri.

Aliyekuja ni mama muuza vitumbua wa barazani, ambaye mimi nilikuwa namwamkia tu asubuhi na kupita. Alikuja magharibi na sufuria ya wali, shuka, na khanga ambayo haijafuliwa hata mara moja. Khanga mpya, mwaka ule! Mpaka leo nikimkumbuka namwombea dua.

Sasa lile lingine. Baada ya majuma kadhaa nikaiona doti yangu. Niliijua kwa pindo, maana nilikuwa nimeipinda kwa uzi mwekundu, mweupe haukupatikana. Imeanikwa kwenye kamba uani kwetu, na aliyeianika ni mke wa chumba cha pili, yule yule aliyenishika mkono siku tuliyorudi Tanga akalia kunishinda. Nikamtazama. Akanitazama. Akasema, "Jua la leo kali, dada, nguo zitakauka upesi."

Nikaingia ndani. Baba yako alisema tunyamaze, huenda kaiuziwa sokoni na hajui ilikotoka. Huenda. Hiyo huenda yake nimeigeuza miaka yote hii na bado haijaniingia akilini.

Utasema, mama, jirani ndiye aliyekuibia, na wewe unanihimiza majirani! Hilo nimejiuliza mwenyewe. Aliyenivua alikuwa jirani, na aliyenistiri alikuwa jirani pia. Lakini sikukwambia umwamini jirani, mwanangu, nimekwambia umuulize. Tulipotaka chumba Kinondoni sikwenda kukiona kwanza. Nilikwenda kununua maandazi kwa mama aliyekaa ng'ambo ya ile nyumba, nikamuuliza nani anaingia, nani anatoka, na waliohama walihama kwa nini. Hilo la mwisho ndilo kubwa: waliohama, walihama kwa nini?

Huko hakuna baraza, najua. Lakini lipo lile duka la pembeni unalonunua mihogo na ndizi mbichi. Mwenye duka anafunga usiku, anaona mengi. Na mtaa wowote utakaoutaka, usiishie kuuona mchana na dalali. Rudi peke yako saa tatu usiku, utazame taa za barabarani, na mlango wa nyuma unatokea uchochoro gani. Hao wako si walipita uchochoroni?

Kwa pesa, heri ya huko. Hapa Dar dalali anakula kodi ya mwezi mzima na mwenye nyumba anataka ya miezi sita mkononi. Wewe ndiye uliyenieleza kwamba Uingereza tangu 2019 dalali hamtozi mpangaji ada, kwamba amana kwa nyumba za kawaida haizidi kodi ya majuma matano, na kwamba mwenye nyumba lazima aiweke kwenye mfuko unaotambuliwa ndani ya siku 30. Basi dai ushahidi wake. Na huyu wa sasa usikubali akukate amana kwa mlango uliovunjwa na mwizi. Baba yako amesoma kwamba ipo sheria ya mwaka 1985 inayomtaka mwenye nyumba kutengeneza milango ya nje. Wakitaka mdhamini anayeishi huko, mjomba wako wa Birmingham nimekwisha kusema naye. Usione haya.

Sasa, uhame au ubaki? Baba yako anasema ubaki, mkataba ni mkataba, badilisha kitasa. Mimi neno langu nililiandika hapa, nikalifuta, nikaliandika tena. Nikilisema utalifuata, kisha ukikosa raha huko utakakokwenda utakuwa umeikosa kwa ajili yangu. Ila mtu anayekesha kusikiliza mlango, hapo amepanga au ameajiriwa kulinda? Ungekuwa karibu, mizigo yako ningekwisha kuifunga. Hapana, sisemi. Amua wewe.

Bangili usiililie sana. Bibi yako alikuwa akiiweka rehani kila shule zilipofunguliwa, akiikomboa kwa mavuno ya nazi. Zilikuwa mbili, na ya pili ninayo mimi, ni yako.

Ukienda kuomba pasi nyingine ubalozini kwetu London, pale Stratford Place, chukua ripoti ya polisi na cheti cha kuzaliwa. Nakala ya cheti cha RITA iko sandukuni mwangu, kaka yako atakutumia picha leo. Kibali chako cha kuishi ulisema kiko mtandaoni. Badilisha nywila upesi, maana kompyuta wanayo wao.

Nipigie Ijumaa baada ya sala, uniambie mwenye duka amesemaje.

Mama yako