Maswali ya Wasomaji: Risasi Nzito, Bunduki ya Upepo na Kikomo cha Sheria Uingereza

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi na kufanya kazi karibu na Lincoln, Uingereza. Nimenunua bunduki ya upepo iliyokwisha kutumika, ile ya kujazwa hewa katika mtungi wake, yenye mtutu wa milimita 5.5, ili niue panya katika maghala ya nafaka ya mwajiri wangu, ambaye amenipa ruhusa. Muuzaji alinionyesha karatasi ya vipimo yenye jouli 15.6 kwa risasi za gramu 0.93. Sasa nataka kuhamia risasi za gramu 1.175. Rafiki yangu ananiambia nisiwe na wasiwasi, kwa sababu risasi nzito hutoka polepole zaidi, na kwamba zinazoweza kumvusha mtu mpaka wa sheria ni zile nyepesi. Je, ni kweli? Na je, naweza kwenda na bunduki hiyo kwa kaka yangu Glasgow wakati wa likizo?

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli kwamba risasi nzito hutoka kwa kasi ndogo zaidi. Hata hivyo, kinachopimwa na sheria ya huko ni nishati ya risasi inapotoka kwenye mtutu, na kwa bunduki ya aina yako ushauri wa rafiki yako unaweza kukuingiza katika kesi ya jinai.

Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 1969, zilizotungwa chini ya Sheria ya Silaha ya mwaka 1968, bunduki ya upepo inayoweza kurusha risasi kwa nishati inayozidi futi-pauni 12, yaani takriban jouli 16.27, huhesabiwa kuwa silaha ya hatari ya pekee. Kwa bastola ya upepo kikomo ni futi-pauni 6, takriban jouli 8.13. Katika England na Wales, bunduki iliyo chini ya kikomo hicho haihitaji cheti, lakini ikikivuka, hata kwa sehemu ndogo ya jouli, mwenye nayo anatakiwa awe na cheti cha silaha kutoka polisi, na kuimiliki bila cheti kunaweza kumletea kifungo cha hadi miaka 5. Bunduki hupimwa kwa uwezo wake. Kwa hiyo hata kama wewe hutumii risasi nyingine isipokuwa zile za gramu 0.93, mpimaji wa polisi anaweza kuijaribu kwa risasi za uzito mbalimbali, na matokeo ya juu kabisa ndiyo yatakayokuhukumu.

Nishati hupatikana kwa kuzidisha nusu ya uzito wa risasi, katika kilo, kwa kasi yake iliyozidishwa yenyewe kwa yenyewe, katika mita kwa sekunde. Risasi yako ya gramu 0.93 ikitoka kwa mita 183 kwa sekunde inatoa jouli 15.6, sawa na karatasi ya muuzaji. Sasa tuseme ile ya gramu 1.175 inatoka kwa mita 168 tu. Kasi imepungua kwa mita 15 nzima, lakini ukipiga hesabu unapata jouli 16.6, na tayari umevuka. Mfano huu si wa kutisha tu. Ongezeko la kiasi hicho ni jambo la kawaida kwa bunduki za hewa ya kujazwa.

Sababu yake imo ndani ya bunduki. Ukivuta kifyatulio, nyundo hugonga vali, vali hufunguka kwa muda mfupi mno, na hewa iliyobanwa huingia nyuma ya risasi na kuisukuma hadi mwisho wa mtutu. Risasi nyepesi huondoka upesi, kama mkokoteni mtupu unaokukimbia mikononi kabla hujatia nguvu zako zote, na sehemu ya hewa hupotelea nje bila kazi. Risasi nzito hukawia ndani ya mtutu, hewa zaidi hupata nafasi ya kuingia nyuma yake na kutanuka, na nishati inayopokelewa na risasi huongezeka.

Bunduki za springi kwa kawaida huenda kinyume, na nadhani hapo ndipo rafiki yako alipopata hoja yake. Katika hizo, springi husukuma pistoni, na pistoni ndiyo inayobana hewa kidogo iliyomo kwenye silinda wakati ule ule wa kupiga. Risasi ikiwa nzito mno inachelewa kuondoka, shinikizo linapanda mbele ya pistoni na kuirudisha nyuma, na nguvu iliyokusudiwa kwa risasi inapotea. Bunduki ya springi ya milimita 4.5 inayotoa jouli 15.4 kwa risasi ya gramu 0.547 inaweza kushuka hadi 14 kwa risasi ya gramu 0.67, kisha ikapita 16.27 kwa risasi ya gramu 0.45. Mafuta yaliyozidi ndani ya silinda nayo huweza kuwaka kwa joto la mbano na kuongeza kasi ghafla, kwa hiyo bunduki ya springi iliyotoka kutiwa mafuta isipimwe siku hiyo hiyo.

Mwelekeo huo haukuondolei haja ya kupima. Risasi mbili zenye uzito mmoja kutoka kwa watengenezaji wawili zinaweza kutoa nishati tofauti, kwa kuwa kichwa cha moja ni kipana kidogo au sketi yake ya nyuma inabana mtutu zaidi. Nenda kwenye klabu ya shabaha au duka la bunduki lenye kronografu, kifaa kinachosoma kasi ya risasi inapopita juu ya vihisi viwili. Uzito umeandikwa kwenye kopo, ingawa mimi ningezipima chache kwenye mizani ndogo ya dijitali. Jaribu aina kadhaa, zikiwamo zile nzito kabisa zinazouzwa kwa mtutu wako, na upige mfululizo tangu mtungi ukiwa umejaa hadi shinikizo lishuke, kwa sababu bunduki isiyo na kidhibiti cha shinikizo mara nyingi hupiga kwa kasi kubwa zaidi katikati ya safari hiyo.

Ikionekana imevuka, kurudi kwenye risasi nyepesi hakutatui kitu. Acha kuitumia, usiifungue mwenyewe, na uwasiliane mara moja na muuzaji wa silaha aliyesajiliwa ili aipunguze nguvu na kukupa vipimo vipya kwa maandishi. Kwa maoni yangu, kwa panya wa ghalani, ambapo umbali ni mfupi, risasi ya gramu 0.93 inatosha kabisa, na shabaha nzuri kichwani ina faida kuliko gramu za ziada.

Kuhusu Glasgow, Scotland ina utaratibu wake. Tangu tarehe 31 Desemba 2016, mtu anahitaji cheti cha bunduki ya upepo hata kama iko chini ya futi-pauni 12, alimradi nguvu yake inazidi jouli 1. Mgeni anayetoka England anaweza kuomba kibali cha mgeni kutoka Polisi wa Scotland, na ni lazima awe nacho mkononi kabla ya kuvuka mpaka na bunduki. Kibali kisipopatikana kwa wakati, iache Lincoln ikiwa imefungiwa mahali ambapo mtu wa chini ya miaka 18 hawezi kuifikia. Ukikipata, isafirishe ikiwa haina risasi na ndani ya mfuko wake, kwa maana kuwa nayo hadharani bila sababu ya msingi ni kosa jingine, hata kama haina risasi.